Mnara, Kichwa na Jenereta

KIBARAZANI
Na Zuhura Mbwana

Mkutano wa mtaa uliitwa saa kumi alasiri, ukaanza saa kumi na moja na nusu, na ajenda ilikuwa moja tu: mnara wa simu. Umesimama nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye kiwanja cha mtu asiyekaa mtaani kwetu, ambaye kodi yake anaipokea hukohuko aliko. Mzee mmoja alisema tangu mnara usimikwe kichwa kinamgonga usiku kucha. Mama ntilie akalalamikia vifaranga wake waliodumaa. Kijana wa bodaboda akamaliza kazi: mawimbi yanapika ubongo taratibu, kama maikrowevu inavyopasha ubwabwa. Watu wakaguna.

Mfano wa kijana haustahili kuchekwa. Mawimbi ya simu na ya maikrowevu ni ndugu wa damu. Kinachowatenga ni nguvu. Maikrowevu ya jikoni hubana wati mia kadhaa ndani ya sanduku la chuma, ilhali simu hata ikijitutumua, wastani wake haufiki wati moja. Tena mawimbi hayo hayana ubavu wa kukata vinasaba kama eksirei. Punje moja ya mwanga wa kibatari ina nishati zaidi ya mara laki tano ya punje ya wimbi la simu la megahezi 900. Joto yanaleta, lakini dogo, na damu inayopita kichwani huliondoa.

Hata hivyo siwezi kusimama mkutanoni niseme ubongo hausikii kitu. Mwaka 2011, mtafiti Nora Volkow na wenzake huko Marekani waliwafunga watu 47 simu masikioni kwa dakika 50, sauti ikiwa imezimwa. Picha zilionyesha kuwa sehemu ya ubongo iliyo jirani na antena ilitumia sukari zaidi, kwa kiasi cha asilimia 7. Wenyewe waliandika kwamba maana yake kwa afya haijulikani. Na wako madaktari wanaouchokoza ubongo kwa sumaku makusudi: Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha mwaka 1985 kwamba koili ikiwekwa juu ya fuvu inaweza kuufanya mkono wa mtu ucheze bila yeye kutaka. Tangu 2008 Marekani imeruhusu ufundi huo kutibu sonona. Ila sumaku ya koili ile, kwa nukta ile inapopiga, ni makumi elfu ya mara ya sumaku ya dunia tunayoikanyaga kila siku. Mnara wa nyuma ya duka hauna lolote la kukaribia hapo.

Katikati ya mkutano ukasomwa ujumbe wa WhatsApp: Shirika la Afya Duniani limekiri simu inaleta saratani. Ujumbe ule una mzizi, ndiyo maana hauishi kusambazwa. Mei 2011, IARC, chombo cha shirika hilo kinachochunguza visababishi vya saratani, kiliyaweka mawimbi ya redio Kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikawa na hatari na ushahidi wake ni haba. Kundi hilo hilo baadaye liliingizwa utomvu wa jani zima la mshubiri, ambao nusu ya mtaa wetu huunywa kama dawa, na sijasikia mkutano umeitwa.

Uamuzi wa 2011 ulitegemea sana utafiti wa nchi 13 uitwao Interphone. Waliosema wameongea na simu kupita wote walionekana kuwa na uvimbe wa ubongo kwa kiwango cha juu kidogo. Utafiti uleule, lakini, ulionyesha watumiaji wa kawaida wana uvimbe pungufu kuliko wasiotumia kabisa, na hakuna aliyekimbilia kuiuza simu kama kinga. Ukimuuliza mgonjwa akumbuke alizungumza jumla ya saa ngapi kwa miaka kumi, utapata majibu ya kibinadamu. Mwaka 2024, Ken Karipidis wa Australia na wenzake, kwa kazi waliyopewa na Shirika la Afya Duniani, walipitia tafiti 63 wasione uhusiano wa simu na saratani ya ubongo, hata kwa watu walioitumia miaka kumi na zaidi. Mimi nimeridhika.

Mzee hakuridhika. "Mwanangu, usiniambie kichwa changu hakiumi."

Sikumwambia, kwa kuwa kinauma. Huko Craigavon, Johannesburg, mwaka 2009 wakazi walilalamika vipele na kichefuchefu kwa sababu ya mnara wa kampuni ya intaneti. Kampuni ikadai mnara ulikuwa umezimwa wiki kadhaa nyuma na malalamiko yanaendelea. Wengi wanaisimulia habari hiyo kwa kicheko. Mimi huisikia tofauti: mtu aliyejengewa kitu kikubwa mlangoni bila kuulizwa hulala vibaya, na asiyelala huumwa na kichwa pia.

Kuuhamisha mnara nako kuna hesabu yake. Simu hupaza au hupunguza nguvu kulingana na umbali wa mnara. Mama yangu mdogo, kule Handeni, hupanda kichuguu ndipo laini ishike, na simu yake hapo inapiga kelele kwa nguvu zote, imemgandia sikioni. Tukiufukuza wetu, ndivyo zitakavyofanya zetu.

Nilimuuliza mzee kichwa huanza saa ngapi. Akasema umeme ukikatika. Umeme ukikatika, chini ya mnara huwaka jenereta la dizeli, linanguruma hadi alfajiri na moshi wake unaingia kwenye dirisha lake. Juni 2012, IARC ileile ya kwenye WhatsApp iliuweka moshi wa dizeli Kundi la 1, pamoja na tumbaku. Hapo hakuna "huenda".

Nikamwomba katibu aliongeze jenereta kwenye muhtasari. Akauliza aliandike chini ya mionzi au chini ya mengineyo. Nikamwambia afungue kichwa kipya, aandike moshi.