Kafara na Mbao: Jibu kwa Uhakiki wa "Nyumba Bandia"

Wapo wahakiki wanaoishutumu filamu ya Andrei Tarkovsky iitwayo Offret (1986) kwa hoja moja: kwamba nyumba inayoteketea kuelekea mwisho wake ni bandia, na kwa hivyo kafara inayosawiriwa humo ni bandia pia. Hoja hii huvutia kwa wepesi wake. Wepesi huohuo ndio unaoiangusha.

Kisa chenyewe kinajulikana. Mwaka 1985, katika kisiwa cha Gotland nchini Uswidi, nyumba iliyojengwa mahususi kwa filamu hiyo ilitiwa moto mbele ya kamera moja, ingawa mpigapicha Sven Nykvist hakuridhia moja. Kamera ikakwama. Nyumba ikawa majivu, na picha iliyokusudiwa haikupatikana. Ikabidi ijengwe nyingine kwa muda wa majuma mawili hivi, kwa gharama kubwa, ichomwe tena mbele ya kamera mbili. Moto anaouona mtazamaji, kwa takriban dakika sita bila kukatizwa, ni wa nyumba hii ya pili.

Ubandia uko wapi basi? Nyumba ya kwanza nayo hakuzaliwa mtu humo wala hakufia mtu. Ilisimamishwa ili ichomwe. Anayeililia kuwa ndiyo halisi analilia jukwaa.

Kosa linaanzia kwenye dhana. Anayelifasiri jina la filamu kuwa "Sadaka" amekwisha kupotoka, maana sadaka hupewa mhitaji, na mhitaji hunufaika nayo. Alexander, mhusika mkuu, hampi mtu chochote. Amepata habari za vita vya nyuklia, na katika dua yake anaapa kuitoa nyumba, jamaa, mwanawe na hata kauli yake, mradi mambo yarejee yalivyokuwa. Hiyo ni kafara. Na kafara, tangu asili, ni badala: kuku huchinjwa ili mgonjwa asife. Kudai kafara isiyosimama mahali pa kitu kingine ni kudai maji yasiyolowesha.

Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, kibanda cha makuti hujengwa na kuchomwa kila Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai. Mtu huingia ndani, moto huwashwa, naye huchopoka mbio. Nani atathubutu kuwaambia wazee wa huko kwamba kibanda cha mwaka huu ni nakala tu ya kile cha mwaka jana? Kurudiwa ndiko kunakokipa maana yake. (Siku hizi kamera za wageni nazo zimejaa hapo, wala moto haujapungua ukali.)

Hata hivyo, mfano huohuo unazua swali zito zaidi ambalo wahakiki hao wamelipita. Kibanda cha Makunduchi hakina mwenyewe, nacho huchomwa mchana, mbele ya macho ya kadamnasi. Alexander, kinyume chake, anangoja jamaa zake watoke kwenda kutembea ndipo anapowasha moto. Nadhiri ni yake. Paa ni la wote. Hakumshauri mkewe wala bintiye, na mwanawe mdogo hajui lolote. Wanarejea wakikimbia, wanakuta ndimi za moto, kisha gari la wagonjwa linamchukua mwenye nadhiri. Usiku huo jamaa hao watalala wapi? Filamu haisemi, nao wanaohesabu mbao hawajauliza.