Paa Likiezuliwa, Ulimi Usiezuliwe



Msomaji mpenzi, masika yanapokaribia na pepo za kusi zikaanza kuvuma kutoka baharini, wengi wetu huyatazama mapaa yetu kwa wasiwasi. Wiki hii nimeona tuzungumze juu ya paa na kuta za nyumba, na juu ya kinga ambayo baadhi yetu huilipia kila mwaka bila kuisoma, nayo ni bima ya nyumba.

Nianze na yaliyonifika mwenyewe. Miaka michache iliyopita, usiku wa mvua kubwa, upepo uliezua mabati ya upande mmoja wa nyumba yetu. Maji yaliingia chumbani, yakalowesha magodoro, kisha yakateremka katika ukuta wa nje ambao plasta yake ilikuwa imekwisha kubambuka tangu mwaka uliotangulia. Asubuhi alikuja fundi. Alitazama juu, akatazama ukuta, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kana kwamba ananifanyia hisani: "Mama, si una bima? Sema ukuta nao umeharibika jana usiku. Nani atajua?"

Sikumjibu. Ukuta ule ulihitaji fedha nyingi, nami sikuwa nazo. Nakiri kwamba nililifikiria neno lake kutwa nzima. Jioni nilimsimulia mama yangu, naye hakunikaripia. Aliniuliza tu: "Mwanangu, fedha hizo ni za nani?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Kinga yetu ilikuwa ya takaful. Katika takaful, kila mshiriki hutoa mchango wake kwa nia ya tabarrui, yaani kujitolea, na michango hiyo hukusanywa katika mfuko mmoja. Mwenye kufikwa na msiba husaidiwa kutoka mfuko huo. Kampuni ni msimamizi tu. Hupokea ujira wake uliotajwa katika mkataba, na fedha za mfuko huwekezwa katika biashara za halali zisizo na riba. Huu ndio msingi wa uamuzi wa Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililokutana Jeddah mwaka 1985: bima ya kibiashara ya kawaida ilikataliwa kwa ajili ya gharari iliyomo katika mkataba wake, na bima ya ushirika iliyojengwa juu ya kujitolea na kusaidiana ikakubaliwa. Hapa kwetu Kenya, kampuni ya kwanza ya takaful ilianza kazi mwaka 2011.

Basi fedha zile zilikuwa za nani? Zilikuwa za mjane fulani, za mwalimu wa madrasa, za kijana mwenye duka, watu nisiowajua walioweka amana yao pamoja na yangu. Kusema uongo juu ya ukuta kungekuwa kutia mkono katika mifuko yao. Na hata aliye na bima ya kawaida asidhani ameruhusiwa. Uongo ni uongo, na kisheria dai la udanganyifu laweza kumpotezea mtu fidia yote, hata ile ya haki.

Mkadiriaji wa hasara alipokuja nilimweleza yalivyo. Mabati, kenchi zilizovunjika na dari vilikubaliwa. Ukuta ulikataliwa. Fidia yenyewe ikapunguzwa tena kwa kosa langu jingine, nalo nitalieleza, ili wengine wajifunze kwangu.

Kwanza, fahamuni bima hulipa nini. Hulipa hasara ya ghafla iliyotajwa katika mkataba, kama vile dhoruba, moto au mti ulioangukia nyumba. Hailipi uchakavu. Mabati yaliyoliwa na chumvi ya bahari, misumari iliyooza kwa kutu, plasta iliyobambuka kwa unyevu unaopanda kutoka ardhini, boriti zilizotafunwa na mchwa, hayo ni mzigo wa mwenye nyumba.

Pili, semeni kweli tangu siku ya kujaza fomu. Kampuni huuliza paa limeezekwa kwa nini na kuta zimejengwa kwa nini. Aliye na banda la makuti uani alitaje, maana makuti hushika moto upesi, na kulificha ni kumpa mlipaji sababu ya kukataa. Na ikiwa nyumba ni ya urithi ambao haujagawanywa, au imesimama juu ya kiwanja cha mtu mwingine kama zilivyo nyingi mjini Mombasa, hilo nalo lielezwe mapema na liandikwe.

Tatu, na hapa ndipo nilipokosea mimi, andikeni thamani kamili ya kuijenga nyumba upya, bila kuhesabu bei ya ardhi. Tuseme kuijenga upya ni shilingi 4,000,000, nawe ukaandika 2,000,000 ili upunguze mchango. Ikitokea hasara ya 300,000, hutalipwa 300,000. Kwa kuwa uliikinga nusu ya nyumba, utahesabiwa nusu ya hasara, yaani 150,000, na humo huondolewa tena kile kiasi ambacho mkataba unakutaka ukibebe mwenyewe.

Nne, dhoruba ikishapita, pigeni picha kabla ya kuondoa chochote. Funikeni paa kwa turubai ili hasara isizidi, na mweke risiti. Ijulisheni kampuni mara moja, wala msianze matengenezo makubwa kabla ya mkadiriaji kuona. Mkiona mmedhulumiwa, andikieni kampuni kwanza. Isipowasikiliza, pelekeni malalamiko kwa mamlaka ya serikali inayosimamia bima, ijulikanayo kama IRA.

Dada zangu, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ategemee. Kumfunga ngamia kwetu ni kumpandisha fundi juu ya paa kabla ya kusi, abadilishe misumari iliyokwisha na kuzibua mifereji ya maji. Bima huja baada ya hayo.

Ukuta wetu tuliutengeneza kidogo kidogo kwa muda wa miezi minane, kwa akiba na msaada wa ndugu. Bado una baka mahali ambapo rangi haikulingana, na mama yangu hupenda kuketi kando yake alasiri. Wiki hii itoeni ile karatasi ya bima kabatini, msome pamoja na watoto wenu wakubwa. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na ndimi zetu. Amin.

Wassalamu alaykum.