Mtoto Hali Idadi ya Nafaka

Mama anayekaribia kumwanzishia mwanawe chakula cha nyongeza hakosi washauri. Jirani humwambia achanganye mahindi, ulezi, mtama, ngano na mchele. Shangazi huongeza soya na karanga. Muuzaji wa nafaka sokoni naye humsogezea mbegu za maboga na korosho, kisha vyote hupitishwa kwenye mashine ya kusaga na kutoka unga mmoja wa rangi ya kahawia. Unga huo huitwa wa lishe, na kadiri orodha yake inavyorefuka ndivyo unavyozidi kuheshimiwa.

Mapenzi yaliyomo katika unga huo hayana shaka. Wapo wanaoununua kwa fedha iliyokuwa ya mboga ya nyumba nzima. Lakini imani kwamba wingi wa nafaka ndio lishe si sahihi, na inawanyima watoto chakula ambacho mara nyingi tayari kimo jikoni.

Hesabu yenyewe iko wazi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupima mlo wa mtoto wa miezi 6 hadi 23 kwa makundi manane: maziwa ya mama, nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde na karanga, maziwa na mazao yake, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, na matunda na mboga nyingine. Kila siku mtoto anatakiwa apate angalau makundi matano. Sasa mahindi, ulezi, mtama, ngano na mchele, vyote kwa pamoja, ni kundi moja tu. Soya na karanga ni la pili. Maziwa ya mama ni la tatu. Mama amezunguka soko zima, amepanga foleni mashineni, na bado amepungukiwa makundi mawili.

Hebu itazamwe sufuria ya chakula cha mchana cha nyumba ya kawaida: wali, maharage, mchicha na dagaa. Vikipondwa vizuri na mtoto akaendelea kunyonya, makundi matano yametimia. Hakuna kilichoagizwa dukani kwa ajili yake. Mtori wa Kilimanjaro nao, ukipikwa kwa ndizi, nyama iliyoiva mpaka ikalainika na karoti, unampa mtoto matatu kwa mpigo; titi la mama na kipande cha parachichi vinamalizia.

Kuna jambo jingine ambalo wingi wa nafaka hauwezi kulitatua. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo huwa imepungua sana afikapo miezi sita. Nafaka na soya zina madini hayo, lakini zina pia viambata viitwavyo faiteti, ambavyo huyashika pamoja na zinki tumboni yasifyonzwe vizuri. Soya iliyosagwa mbichi huongeza tatizo, kwa sababu ina vizuizi vya usagaji wa protini ambavyo hupunguzwa sana na moto. Madini ya chuma yanayofyonzwa kwa urahisi yamo katika maini, nyama na samaki. Hapo ndipo desturi nyingi za mezani zinapowaumiza watoto: mnofu huenda kwa baba, mtoto huwekewa mchuzi. Mchuzi unanukia nyama, lakini chuma kimebaki kwenye mnofu.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ni nafuu ukilinganisha na asilimia 34 za mwaka 2015/16, lakini ramani yake inahuzunisha. Iringa ilikuwa na zaidi ya nusu ya watoto wake katika hali hiyo. Njombe na Rukwa, karibu nusu. Hii ni mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na parachichi za Njombe husafirishwa hadi ng'ambo. Udumavu una sababu nyingi, maji machafu na maradhi yakiwamo, lakini kama nafaka ingetosha kumkuza mtoto, Nyanda za Juu Kusini zisingekuwa juu katika orodha hiyo.

Kisha kuna sumukuvu. Fangasi wanaoizalisha hupenda sana mahindi na karanga, yaani viungo viwili vinavyotegemewa zaidi katika unga wa mtoto, na sumu yenyewe haiishi kwa kuchemsha uji. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mchanganyiko unaosagwa pamoja huficha kila kitu: punje iliyoota ukungu haionekani tena, na mtoto akitokwa vipele au akiharisha, haijulikani ni kipi kati ya viungo tisa kilichomdhuru. Anayetaka uji, na uji ni chakula kizuri, achague nafaka moja na jamii moja ya kunde, achambue kwa mkono, atupe punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kuvunda, akoboe mahindi kabla ya kusaga, na asage kidogo kidogo badala ya kuweka unga wa miezi mitatu ndani ya ndoo.

Uzito wa uji una maana kuliko orodha ya viungo vyake. Mtoto wa kilo 8 ana tumbo linalobeba robo lita hivi kwa mlo mmoja. Akijazwa uji mwepesi wa kupitishwa kwenye chupa iliyotobolewa chuchu, ameshiba maji. Uji wake unatakiwa ukae kwenye kijiko kinapoinamishwa, na aupate kwa kikombe na kijiko safi. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walilishughulikia jambo hili miaka ya 1980 kwa kutumia kimea ambacho bibi walikuwa wakikijua tangu zamani kwa ajili ya togwa: ulezi au mtama huloekwa, huachwa uchipue, hukaushwa na kusagwa. Kijiko kidogo cha unga huo kikikorogwa ndani ya uji mzito wa moto, uji unalegea bila kuongezwa maji. Inasikitisha kwamba maarifa haya, yaliyotokana na nafaka ya hapa na watafiti wa hapa, husikika kwa nadra kuliko matangazo ya pakiti za nafaka tisa.

Wala yai lisigeuzwe kuwa imani mpya. Nchini Ecuador, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba yai moja kila siku kwa miezi sita lilipunguza sana udumavu. Uliporudiwa Mangochi, Malawi, haukutoa matokeo hayo, na moja ya maelezo ya watafiti ni kwamba watoto wa kandokando ya ziwa tayari walikuwa wakila samaki. Kinachohitajika ni chakula kinachotokana na mnyama, kwa umbo lolote ambalo familia inalimudu. Kwa kaya nyingi umbo hilo ni dagaa: waoshwe mchanga vizuri, wakaushwe, wasagwe, na kijiko chao kiingie kwenye chakula cha mtoto kila siku.

Kliniki za mama na mtoto ndizo zenye nafasi ya kugeuza mambo. Somo la lishe linalotolewa kwa mdomo na bango ukutani halitoshi. Liwekwe jiko, sufuria, uma wa kupondea na bakuli la robo lita, akina mama waone na waonje. Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, liwasaidie wasagishaji wadogo kupima sumukuvu kwa gharama wanayoiweza, na litake kila pakiti itaje kiasi cha kila kiungo. Na baba anayekaa mezani leo usiku amkatie mwanawe kipande cha ini kabla ya kujipakulia.