Bi Harusi, Chora Nyumba ya Kwenu Kabla Hujatoka



Kila msimu wa harusi tunawapima mabibi harusi magauni dukani kwetu, na mazungumzo ni yale yale: hina, jukwaa, mpiga picha. Picha zitapigwa mamia. Lakini ukimuuliza bi harusi kama anayo picha ya ua wa mama yake, pale alipokuwa akikuna nazi tangu mdogo, anacheka. Ama hana, ama anayo moja ndani ya simu na nusu yake kidole.

Maoni yetu ni haya: kabla hujatoka kwenu, jifunze kuchora mandhari kwa rangi za maji, na uanze na picha ya hapo hapo ulipolelewa.

Wapo wanaosema kuchora kwa kutazama picha ni kunakili tu, na kwamba mchoraji wa kweli hukaa ufukweni na ubao wake. Huyo basi hana cherehani inayomngoja wala chungu jikoni. Jua letu la mchana linakausha rangi kabla hujarudisha brashi kwenye kikombe, na watoto wa mtaa mzima watakuzunguka. Picha inakungoja. Ukishasali Isha na watoto wakalala, unaikuta vile vile ulivyoiacha.

Ila wana hoja moja ya kweli. Sisi tulianza na picha ya nyumba ya bibi yetu, kijijini pwani ya mashariki. Kiwanja kilishauzwa, nyumba ikabomolewa, ikabaki picha moja iliyopigwa kwa haraka siku ya harusi ya ndugu. Tukaichora kama ilivyo, tukampelekea mama kwa furaha. Akaitazama kimya, kisha akauliza, "Na mndimu uko wapi?"

Mndimu ulikuwa kushoto kwa mlango. Kamera haikuufikia, na sisi tuliocheza chini yake tulishausahau. Siku ile mama akatusimulia kuwa chini ya mti ule bibi alikuwa akishona kofia, na hapo ndipo walipokaa wajumbe wa baba walipokuja kumposa yeye. Hatukuwahi kuyasikia hayo. Tukachora upya, na mndimu ndani.

Ndiyo maana tunasema, picha ikupe umbo, lakini usiiamini kwa kila kitu. Haijui kilichobaki nje yake. Hata rangi inakosea: mara nyingi kivuli hukifanya cheusi, na mbingu yenye mwanga mkali huigeuza nyeupe tupu. Kivuli kwenye ukuta wa chokaa si cheusi. Changanya bluu na kahawia upate kijivu chako, uone ukuta unavyopata uhai.

Kuanza si kugumu. Sisi tumesoma sekondari na kozi ya ushoni, basi. Tafuta karatasi nene, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ya daftari ikilowa hujikunja. Ibandike kingo zote kwa utepe. Chagua picha ya asubuhi au ya baada ya Alasiri, vivuli vinapolala. Ya saa sita mchana huwa bapa. Kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu, utazame mahali penye mwanga, pa kati na penye giza. Hayo matatu yakikaa sawa, mengine yatafuata.

Rangi ya maji ina tabia ya mkasi: ukishakata, umekata. Weupe wa picha yako ni karatasi yenyewe, kwa hiyo amua mapema wapi hutagusa, kama fundi anavyoacha nafasi ya mshono kabla ya kukata kitambaa. Anza na rangi nyepesi zenye maji mengi, umalizie na nzito. Mbingu ilowanishe kwanza kwa maji matupu, halafu gusa bluu, uiache itembee yenyewe. Picha tatu za mwanzo zitaharibika. Gauni letu la kwanza nalo lilikuwa na mkono mmoja mrefu.

Kuna dada watauliza kuhusu dini. Khitilafu za maulamaa juu ya kuchora viumbe wenye roho tunazijua, na si kazi yetu kuzihukumu. Lakini imepokewa kwa Ibn Abbas, Allah amridhie yeye na baba yake, kwamba alimwelekeza mchoraji kwenye miti na vitu visivyo na roho. Bahari, minazi na mlango wa kwenu vinatosha kukushughulisha miaka.

Nyumba nyingi za maharusi tunazoingia zina fremu ya milima yenye theluji ambayo hakuna mtu humo aliyewahi kuikanyaga. Imenunuliwa kwa fedha nzuri, wala hatuibezi. Lakini siku utakapoamka nyumba mpya, na hamu ya kwenu ikakukaba, mlima ule hautakuwa na la kukwambia.

Basi chora. Na kabla hujaiweka kwenye fremu, mpelekee mama aitazame, umuulize ni kitu gani kimekosekana. Muulize sasa, angali yupo.

Allah awajaalie ndoa zenye utulivu na mapenzi. Amin.