Mpeni Kura, Kisha Mwulizeni

Ndugu zetu mlioko Marekani, mliotoka Bukavu, Bujumbura, Mombasa na Tanga mkala kiapo cha uraia: nawasikia mkisema siasa za huko ni za wenyewe. Hebu niwape habari za mgeni mmoja aliyewatangulia.

William O'Dwyer alizaliwa mwaka 1890 Bohola, katika Kaunti ya Mayo, Ireland, mtoto wa walimu. Alipelekwa Uhispania kusomea upadri, akaacha njiani, na mwaka 1910 akashuka New York na dola ishirini na kitu mfukoni. Vibarua alivyofanya mnavijua: saidia fundi kwenye majengo, kuchochea moto melini, kuhudumu baa. Mwaka 1917 akavaa sare ya polisi. Akawa analinda mitaa ya Brooklyn huku akisoma sheria Chuo Kikuu cha Fordham, akahitimu mwaka 1923. Baadaye akawa hakimu, kisha mwendesha mashtaka mkuu wa Brooklyn aliyewafikisha wauaji wa kukodiwa kwenye kiti cha umeme. Januari 1946 alikuwa meya wa jiji kubwa kuliko yote Marekani.

Wengi wenu mlikulia mahali ambapo sare ya polisi ilimaanisha kutoa kitu kidogo barabarani. Kijana akisema anaitaka kazi hiyo, nyumba nzima inanuna. Nawaomba msimkatishe tamaa. Askari anayeijua lugha ya mama aliyefungiwa ndani na mumewe huokoa maisha, na kwa Waayalandi wa enzi hizo polisi ilikuwa mshahara wa uhakika na mlango wa kuingilia serikalini.

Mgeni akishika madaraka anaweza kufanya makubwa. Ndui ilipozuka New York mwaka 1947, O'Dwyer alichanjwa hadharani, na watu wakapanga foleni kwa mamilioni. Ni katika utawala wake pia kiwanja cha Umoja wa Mataifa kilipatikana Manhattan, na huko ndiko Nyerere alikokwenda Machi 1955 kuitetea Tanganyika.

Lakini habari haiishii hapo, na hapa ndipo ninapowataka mnisikilize zaidi. Mwaka 1949 O'Dwyer alichaguliwa tena. Mwaka uliofuata uchunguzi ulikuwa ukifichua kwamba bwana mmoja wa kamari, Harry Gross, alikuwa akiwalipa polisi wa jiji ili wafumbe macho. Meya aliyewahi kuwa polisi akajiuzulu, Rais Truman akamtuma Mexico kuwa balozi. Mwaka 1951 aliitwa mbele ya kamati ya Seneti, akaulizwa, pamoja na mengine, alikwenda kufanya nini nyumbani kwa Frank Costello, mkubwa wa wahalifu. Hakushtakiwa kamwe. Jina lake, hata hivyo, halikusafika tena.

Sisi tuna udhaifu wetu: mtu wa kwetu akipanda, tunampikia pilau, tunapiga naye picha, na anayethubutu kuuliza maswali anaitwa mwenye wivu. Mimi nasema anayeuliza ndiye ndugu. Yule anayenyamaza kwa sababu ni Mkongo mwenzake au Mkenya mwenzake anamwacha peke yake na watu wenye bahasha.

Basi anzeni hivi. Wenye uraia, jiandikisheni kupiga kura, na si kwa ajili ya rais tu: bodi ya shule na baraza la mji ndivyo vinavyogusa maisha ya watoto wenu kila siku. Mikutano ya baraza kwa kawaida iko wazi, na mara nyingi mwananchi hupewa dakika chache za kusema. Nendeni wawili wawili, mmoja awatafsirie wazee. Siku mtakapompata mgombea wa kwenu, mchangieni, mzunguke naye nyumba kwa nyumba, na kabla hajaapishwa mwulizeni mbele ya watu wote: nani mwingine amekuchangia, na anataka nini?