Uhandisi au Biashara: Uamuzi Unaoanza Kidato cha Nne

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KILA mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya Kidato cha Sita, mjadala mmoja huzuka katika familia nyingi: kijana aombe shahada ya uhandisi au ya biashara? Baba hutaja reli ya kisasa na Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, akahitimisha kuwa taifa linahitaji wahandisi. Mjomba hujibu kwamba hakuna mradi unaojengwa bila mhasibu, mnunuzi na msimamizi wa mikataba. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana mjadala wao hauishi.

Uchambuzi wa taratibu za udahili na za usajili wa kitaaluma unaonesha kuwa swali hilo haliamuliwi na mahitaji ya taifa pekee, wala na makisio ya mshahara. Lipo jambo linalotangulia yote mawili: milango ya fani hizi haifunguki kwa namna moja.

Mwombaji wa uhandisi anayetokea Kidato cha Sita kwa kawaida hutakiwa kuwa na ufaulu katika Fizikia na Hisabati ya Juu, ndiyo maana wengi wao hutoka tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati (PCM). Programu nyingi za biashara, kwa upande wake, hupokea wahitimu wa tahasusi mbalimbali, wakiwemo wa sayansi. Kwa hiyo mwanafunzi wa PCM anaweza kubadili nia na kusoma uhasibu au masoko. Aliyesoma Uchumi, Biashara na Uhasibu (ECA) hawezi kuvuka kwa wepesi huo kwenda uhandisi, hata akiwa amefaulu kwa alama za juu.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya uamuzi huu hufanyika miaka miwili kabla ya fomu ya chuo kikuu kujazwa, pale mhitimu wa Kidato cha Nne anapochagua tahasusi. Ofisi ya Rais - TAMISEMI imekuwa ikitoa fursa kwa wahitimu hao kubadili machaguo yao baada ya matokeo na kabla ya kupangiwa shule. Kipindi hicho kifupi hupita bila wazazi wengi kukipa uzito, ilhali ndicho kinachoweza kumwokoa kijana na majuto.

Aliyekosa tahasusi ya sayansi bado ana njia nyingine. Mhitimu wa Kidato cha Nne mwenye ufaulu unaotakiwa katika masomo ya sayansi anaweza kusoma stashahada ya uhandisi katika vyuo vya ufundi vinavyotambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), kisha akaomba shahada kwa sifa linganifu. Njia hiyo ni ndefu zaidi, lakini humfikisha chuoni akiwa tayari ameshika vifaa kwa mikono yake.

Jambo la pili ni muda. Shahada ya uhandisi nchini huchukua miaka 4, wakati nyingi za biashara huchukua miaka 3. Kwa familia inayotegemea mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), mwaka mmoja wa ziada ni deni zaidi, na mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Aidha, Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, unawalenga waliofaulu kwa kiwango cha juu masomo ya sayansi na kudahiliwa katika fani kama uhandisi, teknolojia na tiba. Kwa kijana wa kundi hilo, hesabu ya gharama hubadilika kabisa.

Tatu, shahada peke yake haitoshi katika fani zote mbili. Sheria ya Usajili wa Wahandisi, Sura ya 63, haimruhusu asiyesajiliwa kufanya kazi kama mhandisi. Mhitimu huanza kwa kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) akiwa mhandisi mhitimu, na huhitaji angalau miaka 3 ya kazi chini ya usimamizi kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Mhitimu wa uhasibu naye hukabiliwa na mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) ili apate CPA, na wa ununuzi na ugavi huwajibika kwa bodi yake, PSPTB. Anayedhani biashara ni njia ya mkato hugundua ukweli huo akiwa tayari na joho.

Kutokana na hali hiyo, ushauri wa kuchagua uhandisi "kwa sababu unalipa" au biashara "kwa sababu ni rahisi" hauna msingi. Kijana anayefaulu Hisabati na Fizikia, na anayezipenda, ana sababu ya kuanza na uhandisi, kwa kuwa maarifa ya biashara anaweza kuyaongeza baadaye kwa masomo ya uzamili. Kurudi kutoka biashara kwenda uhandisi ni vigumu zaidi. Lakini kijana anayeburuzwa na Fizikia, na ambaye akili yake huchangamka mbele ya hesabu za mapato na matumizi, hatendewi haki akisukumwa kwenye karakana ili kutimiza ndoto ya mzazi.

Waombaji wanashauriwa kusoma Mwongozo wa Udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wa mwaka husika, kulinganisha sifa za kila programu na matokeo yao, na kutuma maombi moja kwa moja vyuoni. Aliyedahiliwa katika chuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja tu ndani ya muda uliopangwa. Kwa mzazi mwenye mtoto Kidato cha Nne, wakati wa kuketi naye na kuuliza anapenda nini ni sasa, kabla ya tahasusi kuchaguliwa.