Risala ya Wananchi wa Kivukoni Kuhusu Mashamba, Maji na Mipaka ya Bonde la Kilombero

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, waheshimiwa madiwani, wataalamu, wazee wetu, mabibi na mabwana.

Sisi ni wakulima wa mpunga, wavuvi na wafugaji. Hatupingi hifadhi. Tunafahamu kwamba mwaka 2002 bonde hili, lenye hekta zaidi ya 796,000, liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na kwamba zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hutoka kwetu na kwenda hadi Bwawa la Julius Nyerere. Wala hatukatai maendeleo. Daraja la Magufuli, mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018, tulilisubiri miaka mingi tukivuka kwa pantoni na mitumbwi, na wapo waliopoteza ndugu katika kuvuka huko. Tunachoomba ni mambo haya mawili yapangwe pamoja, nasi tukiwepo.

1. Kuhusu mpaka wa hifadhi. Eneo kubwa la bonde lilikuwa Pori Tengefu tangu mwaka 1952, na wazee wetu waliendelea kulima na kuvua humo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 ikakaza masharti, na mwaka 2023 pori likapandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba. Yote tumeyapokea kama raia watiifu. Lakini mkulima wa kawaida bado hajui shamba lake liko upande gani wa kigingi. Mama mmoja wa hapa alilima ekari mbili, akapalilia, akahamia kwenye dungu na wanawe kufukuza ndege. Mpunga ulipotoa masuke ndipo alipoambiwa yumo ndani ya hifadhi. Deni la mbegu na trekta analo mpaka leo.

Tunaomba ramani ya mpaka ibandikwe katika ofisi ya kijiji na kufafanuliwa kwenye mkutano mkuu, na wataalamu watembee na wazee kigingi hadi kigingi. Anayetakiwa kutoka aambiwe Oktoba kabla hajashika jembe, asisubiriwe hadi Mei.

2. Kuhusu ushuru wa mazao. Gunia likifika getini tunalipa na kupewa stakabadhi, na hakuna anayeuliza limetoka shamba gani. Baadaye shamba lile lile linaitwa uvamizi. Tunaomba sehemu ya mapato hayo irudi kijijini kwa kazi ya kulinda maji: miche ya kupanda kingoni, kufukua mifereji, na posho ya kamati ya mazingira ambayo sasa inafanya doria kwa miguu na njaa.

3. Kuhusu ujenzi katika njia za maji. Hapa, Mheshimiwa, tunaomba utuvumilie, maana ndipo panapotuuma zaidi. Bonde lina kawaida yake. Masika maji hupanda, hutanda mbugani, huacha rutuba, kisha hushuka, nasi hufuata nyuma yake na mbegu na nyavu. Wazee waliijua mikondo na hawakujenga ndani yake. Siku hizi viwanja vinapimwa na kuuzwa humo humo kiangazi, mnunuzi akiona nyasi kavu tu. Kifusi kinamwagwa, tuta la barabara linainuliwa, kalvati linalowekwa ni dogo. Maji yakikosa pa kukaa yanaingia vyumbani. Wenzetu wa Ifakara wanajua vizuri Mto Lumemo unavyofurika, na mafuriko ya mwaka 2024 yamebaki vichwani mwetu sote. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imelinda mita 60 kutoka kingo za mto. Tunaisikia anapokamatwa mwenye bustani ya mchicha. Kiwanja kinapouzwa hatuisikii.

Tunaomba upimaji wa viwanja katika mikondo usimamishwe hadi kila kijiji kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi unaoonyesha pa kujenga, pa kulima na pa kuachia maji. Aidha, tathmini ya athari kwa mazingira ya kila mradi mkubwa isomwe kijijini kwa Kiswahili kabla mradi haujapitishwa. Na tunasema wazi kwamba mpango huo utatubana na sisi. Tangu daraja lijengwe malori yanafika hadi mashambani, bei imekuwa nzuri, na baadhi yetu tumefyeka matete hadi ukingoni kabisa. Tuko tayari kurudi nyuma iwapo kila mtu atarudi, mwenye ekari moja na mwenye mia tano.

4. Kuhusu mifugo. Operesheni ya mwaka 2012 iliondoa maelfu ya ng'ombe bondeni. Wafugaji walioko kati yetu wanasema waliambiwa waondoke, hawakuambiwa maji yako wapi. Kwa hiyo makundi yalirejea, na ugomvi wa mashambani ukarejea nayo. Tunaomba malambo, majosho na njia za mifugo zilizopimwa, nje ya ardhioevu.

5. Kuhusu uvuvi. Nyavu za macho madogo zinamaliza kambare na perege wachanga katika mabwawa yanayobaki kiangazi. Tunaomba kikundi chetu cha ulinzi wa uvuvi kipewe mtumbwi wa injini na leseni zitolewe hapa hapa kijijini.

Mheshimiwa, tumevumilia muda mrefu kwa kuwa tunaamini uwezo wa kuyamaliza haya unao. Tunaomba majibu kwa maandishi, yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kabla mvua za msimu huu hazijaanza.

Tunaomba kuwasilisha.

Wananchi wa Kivukoni.